Ukoo wa Bush wa Tumwater na Sheria Iliyoukataa



Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwa ajili ya mtu mmoja. Ilimhusu George Bush, mkulima wa wilaya ya Thurston katika eneo la Washington, ikamruhusu kumiliki ekari 640 alizokuwa amekwisha kuzifyeka, kuzilima na kulelea watoto kwa miaka karibu kumi. Majirani zake hawakuhitaji sheria ya namna hiyo. Walikwenda ofisi ya ardhi, wakala kiapo, wakaandikishwa, wakarudi mashambani. Bush alihitaji Bunge zima, kwa sababu sheria ya ardhi ya mwaka 1850 iliwagawia ardhi walowezi weupe pamoja na machotara wa wenyeji wa asili, na yeye hakuhesabiwa katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Damu ya Kiafrika aliyoipata kwa baba yake ilitosha kumtoa.

Ninaanza na sheria hii kwa sababu inatufundisha jinsi ya kutafuta ukoo wake. Mtu anayefuatilia nasaba ya walowezi wa kwanza huanza na walichokiandika wao wenyewe: barua, shajara, majina ya watoto yaliyoandikwa nyuma ya jalada la Biblia. Kwa familia ya Bush, sehemu kubwa ya tunachokijua iliandikwa na watu wengine, na iliandikwa siku ambazo familia ilikuwa ikinyimwa kitu, ikiombewa kitu au ikidaiwa. Hoja yangu leo ni kwamba kwa familia za namna hii mtafiti aanzie penye mgogoro. Pale haki ilipozuiliwa ndipo karani alipolazimika kuandika jina.

Sasa twende Tumwater. Mto Deschutes unaposhuka kuingia Puget Sound, kusini kabisa mwa ghuba hiyo, maji yake yanaporomoka kwenye miamba kabla ya kukutana na chumvi. Hapo ndipo walipofika, mwishoni mwa mwaka 1845, watu wapatao thelathini waliokuwa wametoka Missouri mwaka uliotangulia kwa magari ya maksai. Zilikuwa familia tano: ya Michael Simmons, ya James McAllister, ya David Kindred, ya Gabriel Jones na ya George Bush. Walifuatana na vijana wawili wasio na wake, Jesse Ferguson na Samuel Crockett. Makazi yao waliyaita New Market. Hayo ndiyo makazi ya kwanza ya kudumu ya Wamarekani katika Puget Sound, na baadaye jina la Tumwater likachukua nafasi.

Maporomoko yalikuwa mtaji. Mwaka 1846 wakajenga kinu cha kusagia nafaka, na mwaka 1847 wakajenga kinu cha kupasulia mbao kinachoendeshwa na maji. Vyuma vyake vilitoka Fort Vancouver, kituo kikuu cha Hudson's Bay, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya ngozi. Simmons ndiye aliyesimamia kazi. Historia za eneo hilo zinamtaja Bush miongoni mwa waliotia fedha na nguvu zao, naye ndiye aliyetoka Missouri akiwa na uwezo kuliko wengi katika msafara ule. Mbao za kwanza zilipelekwa Fort Nisqually, kituo cha kampuni hiyohiyo, kulipia vyakula na vifaa ambavyo walowezi walikuwa wamekopeshwa. Baadaye dhahabu ya California ikageuza hesabu zote. Kuanzia mwaka 1849 San Francisco ilikuwa ikijengwa, ikiungua na kujengwa tena, na kila gogo la Puget Sound likapata mnunuzi.

Kwa mtafuta nasaba, makazi ya kinu cha mbao ni mahali pagumu kuliko makazi ya wakulima. Mkulima hukaa. Mkata magogo hukaa mpaka miti iliyo karibu na maji iishe, kisha huhama. Wengi ni vijana wasio na wake, wanaandikwa kwa jina moja au kwa herufi tu, na hakuna kanisa la kuandika ndoa wala ubatizo. Wanaojulikana wanajulikana kwa deni. Daftari la duka na hesabu ya mbao zilizoletwa ndivyo vitabu vya kwanza vya wakazi wa mahali hapo, na vituo vya Hudson's Bay viliweka hesabu na shajara kwa uangalifu ambao sisi warithi wao katika utafiti hatuna budi kuushukuru. Ukitaka kujua nani alikuwa hai, nani alikuwapo mtoni, nani alichukua ngano kwa mkopo na nani aliilipa kwa mbao, anzia huko.

Hebu tulinganishe na ukoo mwingine wa maporomoko hayohayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Simmons alimuuzia kinu Clanrick Crosby, nahodha wa meli kutoka Massachusetts. Akina Crosby walikuwa mabaharia kwa vizazi, na mabaharia wa pwani ile waliandika kila kitu: meli, shehena, bandari, vizazi na vifo. Mmoja wao, Nathaniel Crosby wa tatu, alijenga nyumba Tumwater ambayo ipo hadi leo. Mjukuu wake ni Bing Crosby, mwimbaji aliyezaliwa Tacoma mwaka 1903. Kumpandisha Bing Crosby vizazi kadhaa ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye maktaba nzuri. Kumpandisha George Bush kizazi kimoja tu, kutoka kwake hadi kwa baba yake, kumewashughulisha wanahistoria kwa zaidi ya karne. Watu hawa walikunywa maji ya mto mmoja. Tofauti imetoka kwa waliokuwa wakiandika.

Kabla ya kumpandisha, tuone kwanza mtego wa mipaka, maana hapa wanafunzi wengi hukwama. Familia hii ilikaa shamba moja, lakini anwani ya shamba hilo katika vitabu vya serikali ilibadilika mara kwa mara. Walipofika mwaka 1845 nchi ilikuwa ikidaiwa na Uingereza na Marekani kwa pamoja. Mkataba wa Juni 1846 ukaiweka upande wa Marekani. Mwaka 1848 likaundwa eneo la Oregon. Sensa ya mwaka 1850 ilipopita, mahali hapo palikuwa katika wilaya ya Lewis, eneo la Oregon. Wilaya ya Thurston ilizaliwa mwaka 1852, na eneo la Washington likakatwa kutoka Oregon mwaka 1853. Kwa hiyo anayewatafuta watu wa Tumwater wa mwaka 1850 chini ya Washington hatawaona, kisha atatangaza kwamba hawakuhesabiwa. Walihesabiwa. Afungue kitabu cha Oregon.

Sensa yenyewe ina tabia zake. Mpaka mwaka 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine wote wakawa tarakimu zilizopangwa kwa umri na jinsia. Mke, watoto, bibi aliyekaa jikoni, wote ni alama za kalamu. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipopata jina, umri na mahali alipozaliwa, pamoja na safu ya rangi ambamo karani aliandika kwa jicho lake mwenyewe kama mtu ni mweusi au chotara, na kuiacha wazi kwa mweupe. Uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya haukuandikwa mpaka mwaka 1880. Kumbukumbu za mwaka 1890 karibu zote ziliharibika baada ya moto wa mwaka 1921 mjini Washington, D.C. Mnaona jinsi uzi unavyokatika: miaka ishirini, kutoka 1880 hadi 1900, ndiyo miaka ambayo wana wa Bush walizeeka, wakauza na kurithishana mashamba.

Tumrudie mzee mwenyewe. Alizaliwa Pennsylvania. Wapo wanaotaja mwaka 1779, wapo wanaosema ni karibu na 1790. Tofauti hiyo ya miaka kumi na moja si ndogo kwa mtafiti: ukichukua mwaka wa kwanza, alivuka bara akiwa na miaka 65, ukichukua wa pili, alikuwa na 54. Simulizi iliyopokewa inamtaja baba yake kwa jina la Matthew Bush, mtu wa asili ya Kiafrika aliyekuja na meli na kuitumikia familia ya mfanyabiashara tajiri wa Philadelphia, na inamtaja mama yake kuwa Mwairishi. Wapo wanaosimulia kwamba Matthew alitoka India. Mimi siioni simulizi hiyo kuwa ya kutupwa, kwa kuwa meli za zama zile zilibeba Waafrika kutoka pande zote za Bahari ya Hindi. Ila nawaomba wanafunzi wasiichore katika mti wa ukoo kwa wino. Iandikwe kwa penseli, pembeni, pamoja na jina la aliyeisimulia kwanza na mwaka alioisimulia.

Ushahidi unakuwa imara tunapofika Missouri. Huko, katika wilaya ya Clay, Bush alimwoa Isabella James mwaka 1831. Isabella alikuwa mwanamke mweupe wa asili ya Kijerumani aliyezaliwa Tennessee. Missouri ilikuwa nchi ya watumwa, na kila siku ya ndoa hiyo ilihitaji ujasiri ambao hakuna karatasi iliyoupima. Walipata wana sita waliokua: William Owen, Joseph Talbot, Rial Bailey, Henry Sanford, January Jackson, na wa mwisho, aliyezaliwa Puget Sound mwaka 1847, Lewis Nesqually.

Yatazameni majina hayo. Inasimuliwa kwamba Bush alipigana New Orleans chini ya jenerali Andrew Jackson, katika vita vilivyoamuliwa tarehe 8 Januari 1815. Na hapa yupo mtoto anayeitwa January Jackson. Jina la mtoto haliwezi kuthibitisha kwamba baba alibeba bunduki, na hakimu makini hatalipokea. Linaonyesha, hata hivyo, kwamba simulizi ya New Orleans ilikuwa nyumbani kwa Bush mapema sana na haikutungwa na waandishi wa baadaye. Kwa mtafuta nasaba hilo ni jambo kubwa, kwa sababu tunaweza kuipa simulizi umri wake.

Nina neno juu ya jina la baba pia. Vitabu vingi vinamwita George Washington Bush. Mtafiti atafute George Bush, bila nyongeza, tena awe macho: katika eneo lilelile aliishi mtu mwingine mwenye asili ya Kiafrika aliyeitwa George Washington, aliyezaliwa Virginia mwaka 1817 na kuanzisha mwaka 1875 mji ambao leo ni Centralia. Watu wawili, sifa mbili, na hadithi zao zimewahi kuchanganywa.

Kwa nini walihama Missouri? John Minto, kijana aliyesafiri katika misafara ya mwaka huohuo wa 1844, aliandika uzeeni kwamba Bush alimweleza njiani anachokusudia: kama Oregon itamkatalia haki za mtu huru, atageuza magari aelekee nchi zilizokuwa chini ya Mexico. Maneno hayo yalikuwa ya mtu anayejua kinachomngoja. Juni mwaka huo, wakiwa bado njiani, serikali ya muda ya Oregon ilitunga sheria ya kuwafukuza watu weusi walio huru. Wanaume miaka miwili wawe wameondoka, wanawake mitatu, na anayebaki achapwe viboko kati ya 20 na 39, arudiwe kila baada ya miezi sita mpaka aondoke. Adhabu ya viboko ilibadilishwa Desemba, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1845 kabla haijamgusa mtu. Lakini ndiyo iliyopanga ramani ya ukoo huu. Bush alikaa majira ya baridi karibu na The Dalles akitunza mifugo ya msafara, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakavuka mto Columbia kwenda kaskazini, ambako nguvu ya Oregon haikufika na wenye neno walikuwa Waingereza wa Hudson's Bay. Mkitaka kujua kwa nini kuna akina Bush katika jimbo la Washington na si Oregon, jibu liko katika sheria hiyo.

Lakini mwaka 1846, mpaka kati ya Uingereza na Marekani ulipochorwa, sheria za Marekani zikawafuata walikokimbilia.

Sasa turudi kwenye ile sheria ya 1855. Mwaka 1854 baraza la kutunga sheria la eneo la Washington, lililokuwa na muda mfupi tu tangu lianze, lililiandikia Bunge la Marekani kumwombea Bush ardhi yake. Sifa nyingi tunazozijua kumhusu zinatoka katika mazingira hayo. Mwaka 1852 nafaka ilikuwa adimu, wageni walifika na watoto wenye njaa, walanguzi wakampa Bush bei kubwa kwa ghala lake zima. Akakataa, akawapa wageni ngano ya kula na mbegu ya kupanda, wenye uwezo walipe baadaye. Ezra Meeker, aliyefika Puget Sound mwaka 1853 na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1905, naye aliihifadhi heshima ya nyumba hiyo.

Mimi nayaamini haya. Ushahidi ni wa watu wengi na hawakuwa na faida ya kudanganya. Hata hivyo ombi la kisheria ni maandishi ya kushawishi. Waombaji walijua kwamba kwa jirani mweupe, kuwapo tu shambani kulitosha. Kwa Bush ilibidi waonyeshe wema uliopita kiasi. Kwa hiyo karatasi zimetuachia Bush mkarimu na mvumilivu, nazo hazikutuachia Bush mwenye hasira, aliyechoka, aliyegombana na mwanawe kuhusu ng'ombe. Hasara nyingine ni ya moja kwa moja. Majalada ya waliopewa ardhi kwa sheria ya 1850 ni hazina kwa watafuta nasaba, kwa kuwa mwombaji aliapa mahali na tarehe ya kuzaliwa, tarehe na mahali pa ndoa, na jina la mke, ambaye alipata nusu ya ardhi kwa jina lake mwenyewe. Bush alikataliwa katika mlango huo. Kilichowafungulia majirani zake vizazi viwili kwa ukurasa mmoja, kwake tunakiokota vipande vipande.

Alipata ardhi, kura hakuipata. Alifariki Aprili 1863, na katika eneo la Washington wapiga kura walikuwa wanaume weupe.

Kuna nasaba nyingine chini ya ardhi hii, na mhadhara wangu ungekuwa nusu kama nisingeitaja. Mwana wa mwisho aliitwa Nesqually kwa jina la wenyeji wa eneo lile, Wanisqually. Bila samaki wao na maarifa yao ya pwani, majira ya kwanza ya baridi yangewamaliza wageni. Wana wa Bush walikua wakisema lugha yao, na chifu Leschi alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Sheria ya 1850 iligawa ardhi ya watu hao kabla hawajaitoa kwa mkataba wowote. Mkataba wa Medicine Creek ulikuja tarehe 26 Desemba 1854, vita vikafuata, na Leschi akanyongwa Februari 1858. Mwaka 2004 mahakama maalumu ya kihistoria jimboni humo ilitamka kwamba hakustahili kuhukumiwa. Mtafiti wa ukoo wa Bush ataomba hati ya ekari 640. Namwomba, akiwa hapohapo kwenye jalada, afungue pia orodha ya waliotia alama za msalaba katika mkataba ule. Ni majina ya mababu wa watu wanaoishi leo, yaliyoandikwa kwa masikio ya karani asiyejua lugha yao, na yanahitaji uangalifu uleule tunaompa Bush.

Vijana wa Bush waliendeleza shamba. William Owen alipeleka nafaka zake kwenye maonyesho ya miaka mia ya Marekani, Philadelphia, mwaka 1876, akashinda tuzo. Huo ndio mji uleule ambao simulizi inasema babu yake alitumikia. Jimbo la Washington lilipoundwa mwaka 1889, alichaguliwa katika bunge lake la kwanza, na anakumbukwa kwa kuupeleka muswada uliosaidia kuanzisha chuo cha kilimo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mtoto wa mtu aliyehitaji Bunge limruhusu kumiliki shamba lake akawa mtunga sheria wa jimbo hilohilo. Mwaka 1973 mchoraji Jacob Lawrence aliisimulia safari ya familia hii katika picha tano, na mwaka 2021 mnara wao uliwekwa kwenye viwanja vya makao ya serikali ya jimbo mjini Olympia, karibu kabisa na maporomoko yale.

William Owen alifariki mwaka 1907. Ni mwaka huohuo jimbo lilipoanza kuandikisha vifo vyote kwa mpango mmoja. Kabla ya hapo, tangu 1891, kazi hiyo ilikuwa ya wilaya, na nyuma zaidi mtafiti anabaki na makaburi, magazeti na mashauri ya mirathi. Kwa hiyo kizazi kizima cha kinu cha mbao kilizaliwa, kikafanya kazi na kufa kabla daftari la kudumu halijafunguliwa.

Yupo mmoja ambaye bado tunamdai kazi kubwa, naye ni Isabella. Alifariki mwaka 1866, miaka mitatu baada ya mumewe. Jina la James ni la kawaida mno Tennessee na Missouri, na mwanamke wa zama zile aliingia katika maandishi kwa ndoa na kutoka kwa kifo.  Migogoro iliyotuhifadhia mume ilimpita kando. Njia iliyobaki ni kuwafuata ndugu zake: kukusanya kila kaya ya James iliyohama kutoka Tennessee kwenda magharibi mwa Missouri kabla ya 1831, kuzichambua sensa za 1820 na 1830 kwa tarakimu zake tupu, kutafuta msichana wa umri unaolingana, kisha kulinganisha mirathi, hati za mauzo ya ardhi na majina ya mashahidi wa ndoa. Ni kazi ya subira, na inaweza kufanywa na kijana yeyote katika ukumbi huu anayejua kusoma mwandiko wa zamani. Naomba anayeitaka aje tuzungumze baada ya maswali, ili tugawane wilaya za kuanzia.